Mizani, Mkanda na Mtoto wa Shule: Historia ya Dhana Tatu Zilizotuchelewesha



Katika masomo yaliyopita tulizungumzia katiba, kodi na uchaguzi. Leo tunageukia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la uraia, nalo ni uzito wa mwili na shinikizo la damu kwa watoto wa shule. Mtoto akiugua bila mtu kujua, kosa huwa la jamii nzima. Na ili tujue kwa nini jamii haikujua, hatuna budi kuirudia historia.

Nianze na kisa. Miaka michache iliyopita, katika shule moja niliyofundisha pembezoni mwa Kampala, wauguzi walikuja kuwapima wanafunzi. Meza iliwekwa chini ya mwembe, mizani ikawekwa juu ya ubao ili isiyumbe, na mstari ukaanza kusogea. Kila mtoto alipopanda, uzito wake ulisomwa kwa sauti ili uandikwe daftarini. Ilipofika zamu ya kijana mmoja wa miaka 14, ilisomwa kilo 86. Mstari mzima ulicheka. Kijana naye alicheka, maana hakuwa na njia nyingine ya kujisitiri.

Mezani palikuwa pia na kipima shinikizo la damu, kile ambacho watu hukiita mashine ya presha, lakini kilitumika kwa walimu peke yao. Nilipouliza kwa nini kijana yule asipimwe, muuguzi alinijibu kwa upole: "Mwalimu, presha ni ugonjwa wa watu wazima. Huyu ni mtoto, tena mtoto aliyeshiba. Tumshukuru Mungu."

Muuguzi yule hakuwa mzembe. Alirudia aliyofundishwa, na waliomfundisha nao walirudia waliyorithi. Ndani ya jibu lake fupi mlikuwa na dhana tatu za zamani: kwamba unene ni dalili ya heri, kwamba presha si ugonjwa wetu, na kwamba presha si ugonjwa wa watoto. Kila dhana ilizaliwa kwa sababu iliyoeleweka wakati wake. Tuzitazame moja baada ya nyingine, lakini kwanza tujue vipimo vyenyewe vilitoka wapi.

Vipimo viwili

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu inayosukumwa na moyo huzielemea kuta za mishipa. Mwaka 1733 kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo aliingiza mrija katika mshipa wa farasi na kutazama damu ikipanda ndani ya bomba refu la kioo. Jaribio hilo lilionyesha kwamba nguvu hiyo inaweza kupimwa, lakini ni nani angekubali kutobolewa mshipa namna ile? Ilipita zaidi ya miaka 160. Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza mkanda wa kuzungushwa mkononi na kujazwa hewa. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, alieleza jinsi ya kusikiliza sauti za mshipa wakati hewa ya mkanda inapopunguzwa. Tangu hapo tukawa na namba mbili: ya juu, moyo unaposukuma, na ya chini, moyo unapopumzika.

Kipimo cha pili ni cha uzito. Mizani peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu mrefu huwa mzito kuliko mfupi hata kama si mnene. Katika miaka ya 1830 mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, aliona kwamba uzito wa watu wazima huongezeka kwa kadiri ya kimo kikizidishwa kwa chenyewe. Kutokana na hesabu hiyo tunapata kipimo kinachotumika hadi leo: kilo zikigawanywa kwa mita za kimo mara mbili. Kwa mtoto, matokeo hayo hulinganishwa na ya watoto wa umri na jinsia yake, kwa sababu mwili wake bado unakua.

Dhana ya kwanza: unene ni heri

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri wa Kiingereza, John Hanning Speke, alifika Karagwe, ufalme uliokuwa katika eneo ambalo leo ni kaskazini magharibi mwa Tanzania, akapokewa na Mfalme Rumanika. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863, Speke alieleza kwamba wanawake wa jamaa ya mfalme walinyweshwa maziwa mengi hata wakashindwa kusimama wima. Mmoja wao alimpima kwa utepe, mkono, kifua na paja, kama mtu apimavyo gogo. Alimtaja pia binti wa miaka 16 aliyeketi akinywa maziwa, huku baba yake ameshika fimbo kumhimiza.

Habari hii hutajwa mara nyingi kwa kejeli, na utovu wa adabu wa mgeni yule husahauliwa. Sisi tuisome kwa makini. Unene ule ulikuwa wa ikulu, si wa kijijini. Katika nchi ambamo ukame au tauni ya ng'ombe iliweza kuwaangamiza watu katika msimu mmoja, mwili mnene ulikuwa tangazo kwamba nyumba hii ina ng'ombe na kwamba mwanamke huyu hashiki jembe. Unene uliheshimiwa kwa sababu ulikuwa adimu.

Dhana hiyo haikufa pamoja na falme. Leo mtu akirudi kijijini akiwa amenenepa, huambiwa amependeza, na akikonda huulizwa kwa sauti ya chini kama ni mgonjwa. Miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipozikumba nchi zetu na Uganda ikawa miongoni mwa zilizoumia mapema, kukonda kukawa habari ya kutisha. Mzazi aliyeona ndugu zake wakikonda na kuzikwa hawezi kulaumiwa akifurahi kumwona mwanawe amejaa mashavu.

Hospitali nazo zilikuwa na sababu ya kuutazama upande mmoja tu wa mizani. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliueleza ugonjwa wa watoto ambao Waga wa huko waliuita kwashiorkor. Kwa Kiswahili tunauita kwashakoo. Ugonjwa huo ulikuwa na hila: miguu na uso wa mtoto huvimba, hata asiyejua akadhani amenenepa, kumbe amekosa lishe. Kilima cha Mulago mjini Kampala kikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya kuuchunguza, na mwaka 1965 kilianzishwa hapo kitengo cha lishe kinachoitwa Mwanamugimu. Jina hilo limetoka katika methali ya Waganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko, yaani malezi. Mama walifundishwa kupika maharage, karanga, mayai na mboga pamoja na matoke, na kazi hiyo iliokoa maisha mengi. Lakini iliwafundisha pia wauguzi wa vizazi kadhaa kuiuliza mizani swali moja tu: je, mtoto huyu amepungua?

Dhana ya pili: presha si ugonjwa wetu

Mwaka 1929 daktari wa Kiingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuwapima watu wapatao 1,000 katika eneo la Kavirondo Kusini, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Kwa Wazungu ilijulikana kwamba shinikizo la damu hupanda kadiri umri unavyosonga. Kwa watu aliowapima Donnison, halikupanda hivyo. Baada ya umri wa miaka 40 lilielekea hata kushuka.

Mwaka huo huo daktari mwingine, Hugh Trowell, aliwasili Kenya, kisha akahamia Uganda, akafundisha Makerere na kutibu Mulago hadi mwisho wa miaka ya 1950. Yeye pia alishuhudia kwamba alipofika, presha na magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika. Ilipofika mwaka 1956 ndipo yeye na mwenzake walipoandika katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Tukio ambalo leo hutokea kila siku lilikuwa bado ni habari ya kuchapishwa.

Hapa ndipo kosa lilipoingia. Waliosikia habari hizo waliweza kuamua kwa wepesi kwamba damu ya Mwafrika ina kinga yake. Lakini Donnison na Trowell wenyewe walielekea kwingine. Donnison alitoa mwaka 1937 kitabu kilichohusisha magonjwa na ustaarabu wa kisasa, na Trowell alitumia miaka yake ya uzeeni, pamoja na Denis Burkitt aliyekuwa daktari mwenzake Mulago, kueleza kwamba chakula kilichokobolewa kinabadilisha miili ya watu.

Hebu tufikirie maisha ya mwaka 1929 kando ya ziwa lile. Watu walikula ulezi, mtama, viazi vitamu, mboga za majani na samaki. Walitembea kwenda shambani, sokoni na kisimani. Chumvi haikuwa kitu cha kumwaga ovyo. Kwa karne nyingi eneo hili la maziwa makuu lilitegemea chumvi ya Kibiro, ambako wanawake waliichuja kutoka katika udongo, na ya Katwe na Uvinza, na watu walisafiri siku nyingi kuitafuta. Tusiyapambe maisha hayo: malaria, njaa na kuhara viliua watoto wengi. Hata hivyo, mishipa ya waliobaki ilikuwa haijalemewa.

Ushahidi kwamba jambo hili ni la maisha, si la kabila wala rangi, ulikuja hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1960 A. G. Shaper na wenzake waliwachunguza Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Nyumbani, mahali pa mifugo, shinikizo lao la damu lilikuwa la chini. Lakini vijana wa jamii hiyo hiyo walioingia jeshini, wakala posho yenye chumvi nyingi, walionekana kupanda uzito na shinikizo pia. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, watafiti waliwafuatilia Wajaluo wa umri wa miaka 15 hadi 34 waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Shinikizo la waliohama lilianza kuwa juu zaidi mapema, ndani ya miezi michache ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, ile iliyomo katika matunda, viazi na mboga.

Angalieni umri huo tena: 15. Mwenye umri huo huwa bado darasani. Wala haikuhitajika miaka 30 ya starehe za mjini ili mishipa ibadilike.

Dhana ya tatu: presha si ugonjwa wa watoto

Dhana hii ya mwisho haikuwa ya Afrika peke yake. Ilianza kutikisika huko Marekani mwaka 1953, madaktari walipoeleza walichokiona katika maiti za askari 300 wa nchi hiyo waliofia vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na ilitarajiwa kwamba mishipa ya mioyo yao ingekuwa safi. Badala yake, asilimia 77 walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa hiyo. Swali likawa: uharibifu huo ulianza lini?

Jibu lilitafutwa katika mji mdogo wa Bogalusa, jimbo la Louisiana, mji wa viwanda vya mbao na karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Gerald Berenson, mzaliwa wa mji huo, alianza kuwapima watoto wa shule, weupe na weusi, na kuwarudia mwaka baada ya mwaka hadi wakawa watu wazima. Ilionekana kwamba mtoto mwenye shinikizo la juu kuliko wenzake huelekea kubaki hivyo anapokua, na kwamba uzito uliozidi na shinikizo la juu huandamana. Mwaka 1998 watafiti hao walichapisha uchunguzi wa watu 204 wa umri wa miaka 2 hadi 39 waliofariki, wengi wao kwa ajali. Kadiri mtu alivyokuwa na vihatarishi vingi, ukiwemo uzito uliozidi na shinikizo la juu, ndivyo mishipa yake ilivyokuwa imeanza kuharibika zaidi.

Mnamo 1977 wataalamu wa Marekani walikuwa tayari wametoa majedwali ya kupimia shinikizo la watoto. Mtoto hahukumiwi kwa namba za baba yake. Hulinganishwa na watoto wa umri, jinsia na kimo chake, na akiwa juu ya 95 kati ya 100 katika siku tatu tofauti ndipo husemwa ana shinikizo la juu. Kuanzia miaka 13, mwongozo wa mwaka 2017 wa madaktari wa watoto wa Marekani hutumia namba 130 kwa 80, na hushauri upimaji uanze mtoto akiwa na miaka 3. Mkanda nao lazima ulingane na mkono: ukiwa mdogo kwa mkono mnene, hutoa namba kubwa kuliko ukweli, na ukiwa mkubwa kwa mkono mwembamba, huficha ugonjwa.

Hali ya sasa

Mwaka 1975 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri duniani walikadiriwa kuwa milioni 11. Mwaka 2016 walikuwa milioni 124. Tathmini ya tafiti nyingi iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba watoto 4 kati ya 100 wana shinikizo la juu la damu. Miongoni mwa wenye uzito wa kawaida ni takriban 2 kati ya 100, na miongoni mwa wenye unene uliokithiri ni 15. Nchini Uganda, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu, na miongoni mwa hao walioijua hali yao hawakufika mmoja kati ya kumi. Wazazi wa namna hiyo, wasiojua hali yao wenyewe, watajuaje ya watoto wao?

Mwili hufanyaje? Mwili ukizidi uzito, moyo husukuma damu nyingi zaidi. Figo hushika chumvi na maji badala ya kuvitoa. Mishipa hukaza. Mtoto hahisi kitu: hakuna homa wala kidonda. Miaka inapita, mpaka siku figo zinaposhindwa au kiharusi kinapompiga mtu wa miaka 40 akiwa kazini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauonekani kwa macho, ndiyo maana unahitaji mkanda.

Tusikimbilie kuwalaumu watoto. Kijana wangu wa kilo 86 alipelekwa shuleni kwa bodaboda kwa kuwa barabara haikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Uwanja wa michezo wa shule ulikuwa umejengwa madarasa mapya. Langoni palikuwa na chipsi, soda na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa mayai, na hapakuwa na tunda hata moja. Kipindi cha mazoezi kilikuwa katika ratiba, lakini kilifundishiwa hesabu kwa ajili ya mitihani. Hayo yote yaliamuliwa na watu wazima.

Ndiyo maana nasema hili ni somo la uraia. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mwanafunzi ana haki ya kudai kipindi chake cha michezo. Mzazi aliye katika kamati ya shule ana haki ya kuuliza kinachouzwa langoni na kiasi cha chumvi kinachotiwa katika maharage ya jikoni. Diwani anapoomba kura, aulizwe kuhusu njia za miguu. Na siku ya kupimwa, uzito usisomwe kwa sauti: mtoto aliyechekwa leo atatoroka kipimo kesho.

Turudi kwa kijana wetu. Nilizungumza na mama yake, akampeleka kwenye zahanati iliyokuwa na mikanda ya ukubwa mbalimbali. Alipimwa siku tatu tofauti, na mara zote shinikizo lilikuwa juu. Daktari hakumpa dawa kwanza. Alimwambia aache soda, apunguze chumvi, atembee kwenda shule na kurudi, kisha arudi kupimwa kila baada ya muda. Hakukonda kama sindano, wala hakuna aliyemtaka akonde hivyo, lakini shinikizo lilishuka taratibu. Mama alikuja shuleni kunishukuru, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mbona miaka yote hii hakuna aliyetuambia?"

Makala haya ndiyo jibu langu kwake. Hatukuambiwa kwa sababu tulizoea kuogopa njaa peke yake, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Njaa bado ipo, na mizani ya Mwanamugimu bado ina kazi. Lakini katika darasa moja sasa wanaweza kuketi mtoto aliyepungua na mtoto aliyezidi, dawati kwa dawati, na wote wawili wanatuhitaji.

Maswali ya mjadala

1. Kwa nini matokeo ya Donnison ya mwaka 1929 hayathibitishi kwamba Waafrika wana kinga dhidi ya shinikizo la damu?

2. Taja sababu mbili za kihistoria zilizofanya unene uheshimiwe katika jamii zetu. Je, sababu hizo zipo hadi leo?

3. Waandikie kamati ya shule yako barua rasmi ya aya tatu, ukipendekeza jinsi ya kuwapima wanafunzi bila kuwaaibisha.